Waya wa Serikali Miguuni mwa Marita

“Nyumba hii,” Yonasi alimwambia karani huku akijipiga kifua, “fumua paa, chimba sakafu, mkamue hata yule mbuzi pale. Hutatoa msumari mmoja wa serikali. Mimi ni mtu msafi. Muulize Mungu.”

Mungu hakuulizwa, kwa sababu wakati huohuo Marita, mke wa Yonasi, alikuwa anapanda kutoka mtoni na mtungi kichwani, na miguu yake ilisikika kabla yeye mwenyewe hajaonekana. Cha, cha, cha, cha. Kuanzia kwenye vifundo hadi nusu ya muundi, miguu yote miwili ilikuwa imezungushiwa waya wa shaba, mnene, mzito, uliosuguliwa kwa mchanga kila Jumamosi mpaka ukang'aa kuliko kitu kingine chochote katika mji ule. Ulikuwa waya uleule uliokosekana kwenye nguzo za simu, zile zilizosimama uchi kuanzia nyuma ya banda la Yonasi hadi kule karibu na Tunduma.

Karani Efraimu aliitazama miguu. Akazitazama nguzo. Akaitazama tena miguu, kidogo zaidi ya ilivyohitajika kwa kazi ya serikali.

“Na ule?”

“Upi?”

“Ule unaotembea.”

“Ah, yule,” alisema Yonasi. “Yule ni mke wangu.”

Efraimu alikuwa kijana wa misheni, mwenye soksi ndefu na kofia ya kizungu aliyoirithi kwa bwana mmoja aliyekuwa na kichwa kikubwa, hivyo kila alipotaka kuona mbali ilimbidi kwanza aisukume juu kwa kidole. Akaisukuma. Akafungua kitabu chake.

Ulikuwa mwaka wa tano tangu Wadachi na Waingereza waache kufukuzana katika mashamba ya watu. Aliyeshinda alikuwa ametangaza kwamba sasa anaijenga nchi upya, na kweli alikuwa anaijenga. Alijenga daraja la magogo, likaondoka na mvua ya kwanza, watu wakarudi kuvukia palepale walipovukia babu zao. Alijenga dispensari, akaipaka chokaa nyeupe kabisa. Dawa hazikuja, kwa hiyo wagonjwa walikwenda, wakaitazama chokaa, wakarudi kufia nyumbani. Sasa ilikuwa zamu ya simu, ile ya kugongwa kwa kitufe.

“Hatua ishirini za waya,” alisema Efraimu. “Kila nyumba iliyo kando ya laini. Nimegawanya mwenyewe.” Aliyasema hayo kama mtu aliyebuni kugawanya.

“Na asiyeleta?”

“Miezi sita, kuvunja mawe Boma.”

“Na anayeleta?”

“Akileta kabla mwezi haujaisha, haulizwi aliupata wapi. Ni amri ya Bwana Shauri mwenyewe, mkuu wa Boma.”

“Haulizwi kabisa?”

“Kabisa.”

“Basi,” alisema Yonasi, ambaye usafi wake ulikuwa umeshaisha, “nitaangalia-angalia.”

*

Marita alitua mtungi, akakaa kizingitini, akanyoosha miguu.

“Karani anataka nini?”

“Anataka miguu yako.”

“Akaoe ya kwake.”

Yonasi akamweleza. Alieleza kwa kuzunguka sana, akapitia vita, akapitia Bwana Shauri, akapitia hali ya dunia, lakini hata mtu anayezunguka hufika. Alipofika, Marita hakutania tena.

“Huo waya si wangu, Baba Kefa. Wala si wako. Wewe unajua ni wa nani.”

Alijua. Alipotaka kuoa, majeshi mawili yalikuwa yameshapita na kula ng'ombe wote waliokuwa na miguu. Yonasi akapanda nguzo mchana kweupe, maana serikali mbili zilizokuwa zinapigana hazikuwa na nafasi ya kutazama nguzo, akakata waya, akaubeba mabegani hadi Ikinga, kwenye milima ya Ileje, kwa mjane aitwaye Sekela, mama wa Marita. Sekela aliupima uzito kwa mikono yake. Akaukubali badala ya ng'ombe wawili wa mahari. Akamwita mhunzi auzungushe miguuni mwa binti yake mbele ya ukoo wote, kisha akasema maneno ambayo hakuna aliyekuwapo ameyasahau: “Hawa ndio ng'ombe wangu. Zizi lao ni miguu ya mwanangu. Siku nitakayosikia wametoka, na yeye ametoka.”

“Mama akijua nimevuliwa, sitalala hapa siku mbili,” Marita alisema. “Unamjua.”

“Namjua.”

“Na nitakwenda. Sitakaa kwa mtu bure, kama jembe lililosahauliwa shambani.”

“Nani amesema uende?”

“Basi tafuta ng'ombe wawili. Kule upande wa Mkwajuni wazungu wanachimba dhahabu, wanaajiri watu. Nenda miezi kadhaa. Kwanza mpe karani waya wake, kisha panda Ikinga, mwambie mama ukweli: nimeutoa, nawatafuta ng'ombe. Mama ni mkali, lakini ukweli anausikia.”

Yonasi akamtazama kama mtu aliyeshauriwa ale mchanga. Kuchimba! Alikuwa na mikono mizuri, na alikuwa ameitunza.

“Mama Kefa,” alisema, “mwenye nguvu huchimba. Mwenye akili hukaa akafikiri.”

Akakaa. Akafikiri mpaka ugali ukapoa. Na ole wake mwanamke ambaye mumewe amefikiri, kwa sababu kesho yake asubuhi Yonasi aliamka anacheka peke yake.

“Karani anapima kwa hatua, sivyo? Hatua ishirini. Hakusema waya mnene. Hakusema waya mwembamba.”

“Hakusema.”

“Miguu yako miwili ina hatua ishirini. Mguu mmoja, hatua kumi. Sasa, mhunzi Lusubilo akiuvuta waya wa mguu mmoja ukawa mwembamba, si utakuwa hatua ishirini? Huo wa karani. Na wa mguu wa pili tunauvuta hivyohivyo, tunauviringisha juu ya nyuzi za gome ili unenepe, tunaugawa miguu yote miwili. Karani amepata. Mama mkwe hajapoteza. Mimi sijachimba.”

Marita aliutazama mguu wake mmoja, kisha wa pili.

“Na kama mama atajua?”

“Atajuaje? Waya unaongea?”

*

Lusubilo alikuwa mhunzi wa Kinyiha, mtu wa maneno machache na jicho moja lililoharibiwa na cheche. Alikuwa na bamba la chuma lenye matundu, kubwa, dogo, dogo zaidi, na kazi yake ilikuwa kuupasha waya moto, kuupaka mafuta, kuchonga ncha yake, kuipenyeza tunduni na kuuvuta upande wa pili mpaka utoke mwembamba na mrefu. Wahunzi wa kwao walikuwa wanafanya hivyo kabla Mdachi hajajua kuna nchi hii.

Kuuvua kulichukua asubuhi nzima. Mhunzi alikunjua mzunguko baada ya mzunguko kwa koleo, na ngozi ya chini ilitokea nyororo, imepauka, kama ya mtoto aliyezaliwa jana. Kwenye vifundo ilitoka pamoja na waya. Marita aliuma kitenge chake. Alipomaliza kuvuliwa alisimama, akaanguka: miguu iliyozoea uzito ilipaa juu yenyewe, kama ya mtu anayekanyaga ngazi isiyokuwapo.

“Inuka, kunguru,” Yonasi alisema akicheka. “Usituruke.”

Lusubilo hakucheka. “Nani atavuta?” akauliza.

“Kwani msaidizi wako yuko wapi?”

“Amechukuliwa kubeba magogo ya daraja. Lile lililoondoka.”

“Mimi nina mgongo,” alisema Yonasi.

“Kila mtu ana mgongo.”

“Wangu unauma.”

Mhunzi alimgeukia Marita kwa jicho lake moja, akasubiri. Marita akafunga miguu yake kwa vipande vya nguo. Akashika koleo, akajifunga kamba kiunoni, akavuta akirudi nyumanyuma kutoka kwenye bamba hadi kwenye ua wa kuku, akarudi, akashika upya, akavuta. Siku ya kwanza, siku ya pili. Matundu manne. Viganja vilitoka malengelenge, yakapasuka, yakatoka mengine chini yake. Yonasi alikaa kwenye kigogo na kazi yake ilikuwa kuhesabu.

“Kumi na saba! Vuta, Mama Kefa! Ng'ombe wa mama mkwe leo tunawakamua mpaka mifupa!”

“Mwanaume huyu,” Lusubilo aliuambia moto, “akifa, mdomo wake itabidi uzikwe peke yake.”

Jioni ya pili Marita alirudi nyumbani na miguu iliyong'aa kama zamani. Mtu akiiangalia kutoka barabarani asingeona tofauti. Ila ilikuwa myepesi, na haikutoa sauti.

*

Siku ya kupima, watu walipanga foleni mbele ya baraza la mwene, yaani mtawala wao, ambaye alikuwa amekaa kwenye kiti akiona aibu kwa niaba ya wote, kwa kuwa wake zake watatu walikuwa wa kwanza kuvuliwa. Efraimu alikuwa na kamba ya hatua ishirini, mezani fomu, na wino aliouziba kwa gunzi la hindi.

Mbele ya Yonasi alikuwa Bibi Enesi, mjane. Alileta waya mnene kama ulivyoshuka kwenye nguzo, haujaguswa na mhunzi wala moto. Alikuwa ameutunza chini ya kitanda miaka yote ile akiamini mwenye waya angerudi kuuchukua. Efraimu akaunyoosha kando ya kamba.

“Hatua kumi na tisa.”

“Ndivyo ulivyoanguka uani kwangu, mwanangu. Sikukata.”

“Imepungua moja. Rudi na hatua moja.”

“Nitaitoa wapi?”

“Bibi, mimi nimeandikiwa ishirini.”

Bibi Enesi alirudi nyumbani na waya wake mzuri mkononi, akilia kwa sauti ndogo. Yonasi akasogea. Akamwaga mezani fundo la kitu kilichofanana na nywele za mzungu.

Efraimu akapima. Ishirini, na kipande juu.

“Umezidisha!”

“Kwa ajili ya nchi,” alisema Yonasi.

“Lakini mbona mwembamba?”

“Bwana karani, waya umelala miguuni mwa mwanamke miaka minane. Hata wewe ungekonda.”

Watu walicheka. Efraimu akaisukuma kofia, akaitazama fomu yake. Fomu ilikuwa na nafasi ya jina, nafasi ya kijiji na nafasi ya urefu. Nafasi ya unene haikuwapo. Na jambo lisilokuwa na nafasi kwenye fomu, Efraimu alijua, si jambo. Akaandika. Tena akasimama, akamshika Yonasi bega, akawaambia waliobaki foleni: “Mmeona? Mtu kama huyu ndiye anayeijenga nchi.”

Waliobaki foleni waliona. Ndani ya siku tatu Lusubilo alikuwa na wateja mpaka usiku, na laini nzima ya serikali ilikuwa inapita kwenye tundu la nne.

*

Fundi wa simu aliitwa Rubeni, mtu wa Nyasaland, aliyekwisha kufunga nyaya katika nchi tatu na hakuheshimu hata moja. Aliupokea waya kwa mafundo, akaushika kati ya vidole viwili, akautazama juani.

“Huu wa kushonea vifungo?”

“Ni wa laini,” alisema Efraimu. “Umepimwa. Una karatasi.”

“Basi tundikeni karatasi, itashika zaidi.”

Lakini Bwana Shauri alikuwa ameshapanga siku. Rubeni aliunga vipande mia na kidogo, akavitundika, akashuka, akanawa mikono mbele ya watu. Siku ya kufungua, Bwana Shauri alikaa kwenye kiti cha kukunja chini ya nguzo ya kwanza, amevaa nishani. Watu waliambiwa wanyamaze ili wausikie ustaarabu unavyopita. Rubeni akagonga kitufe. Ti-ti, ti. Mpakani wakajibu kwamba wanasikia. Bwana Shauri akaanza kusoma ujumbe wake wa kwanza, nao ulikuwa juu ya kodi ya kichwa. Alikuwa hajafika kwenye idadi ya shilingi wakati kunguru mmoja, mnene, aliposhuka kutua kwenye waya nyuma ya banda la Yonasi.

Waya ulikatika kabla hajakunja mabawa. Vipande vilivyofuata vikavutana, vikaachana kimoja kimoja kuelekea Tunduma, na wote waliokuwapo walisimama wakiangalia nchi yao iliyojengwa upya ikidondoka chini kwa zamu.

“Ni nini?” aliuliza Bwana Shauri.

Efraimu aliyeshika fomu zote, zilizotiwa sahihi yake zote, alifikiri haraka kuliko alivyowahi kufikiri maishani. Ndani ya kitabu cha maagizo ya simu kulikuwa na ukurasa wa mambo yanayokata nyaya.

“Twiga, bwana.”

“Twiga?”

“Kitabu kinasema ni twiga.”

Katika nchi ile hakuna aliyewahi kumwona twiga, wala babu wa mtu, wala kwenye ndoto. Rubeni aligeukia nguzo, akaiegemea, mabega yakawa yanatikisika. Lakini Bwana Shauri aliyaona maandishi kitabuni, akaridhika, na siku mbili zilizofuata alishinda maporini na bunduki yake akimtafuta mhalifu.

“Unaona sasa,” Yonasi alimwambia mkewe nyumbani, amenyoosha miguu. “Boma zima nimelitia mfukoni. Serikali ikishindwa kujua, nani atajua?”

*

Sekela alikuja wiki mbili baadaye na kikapu cha maharage, kumwona mjukuu wake Kefa. Kwa heshima ya ukwe hakuwa akizungumza na mume wa binti yake ana kwa ana. Alikaa amempa mgongo, na lililomhusu alimwambia mbuzi.

“Mbuzi, mwambie mwenye nyumba nimefika salama.”

“Karibu sana, mama mkwe,” alisema Yonasi.

“Mbuzi, mwambie asante.”

Marita akatoka jikoni na maji ya kunywa. Akavuka ua, akapiga magoti, akampa. Sekela hakuyapokea. Alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja.

“Rudi mlangoni,” alisema. “Kisha uje tena.”

“Mama?”

“Nimesema rudi, uje.”

Marita akarudi, akaja. Ukimya ulitembea naye. Sekela akamvuta akae, akauchukua mguu wake wa kulia, akauweka mapajani mwake, akaunyanyua kwa mkono mmoja kama mtu anayepima kuku sokoni. Akautua. Akaunyanyua wa kushoto. Kisha akakwaruza waya kwa ukucha wa kidole gumba, polepole, mpaka ukajitenga, na chini yake nyuzi za gome zikachungulia.

Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya adabu kabisa.

“Mbuzi. Hebu muulize mwenye nyumba, ng'ombe wangu wamekonda tangu lini?”

“Mama mkwe, joto la mwaka huu…” Yonasi alianza.

“Mbuzi, mwambie sijauliza habari za jua.” Akamgeukia Marita. “Nani amefanya hivi? Ulivuliwa kwa nguvu, au mliutoa?”

Marita alimtazama mumewe. Alimtazama kwa muda wa kutosha mtu kuanza kusema, hata mtu anayezunguka. Yonasi alikuwa anatazama mkia wa mbuzi.

“Muulize yeye, mama,” alisema Marita. “Atasema mwenyewe.”

“Ni habari ndefu,” alisema Yonasi.

“Basi aje aiseme Ikinga,” alisema Sekela akisimama, “mbele ya watu walioona ulipofungwa. Funga mtoto mgongoni, tunakwenda.”

Wakaenda. Maharage yalibaki.

*

Yonasi alikaa mwezi mzima akila viazi vilivyoungua upande mmoja na kubaki vibichi upande wa pili. Majirani walimpitia kumpa pole, ambayo kazi yake ilikuwa kuhakikisha hasahau. “Bado hajarudi? Pole. Na nguo unajifulia? Pole sana.” Bibi Enesi, aliyenusurika ile miezi sita ya kuvunja mawe kwa kuwa wakati huo Boma lilikuwa linamtafuta twiga, alimletea bakuli la uji na kumwangalia mpaka alipolimaliza, bila neno hata moja. Hilo lilimuuma kuliko yote.

Mwishowe alinunua jembe jipya la kupeleka kama heshima, akapanda milima siku mbili, akafika Ikinga na vumbi hadi nyusi. Ukoo ulikusanyika. Aliyeshika nafasi ya baba alikuwa Tuntufye, kaka mkubwa wa Marita, mtu mpole aliyependa mambo yaishe mapema ili awahi shamba. Alilipokea jembe, akalilaza chini, hakulikataa. Marita alikuwa jikoni anasaga, jiwe lilisikika.

“Shemeji,” alisema Tuntufye, “dada yetu tangu afike hajatuambia neno. Tukimuuliza, anasema utasema wewe. Kwa hiyo tunakusikiliza, na hukumu ni nyepesi. Kama serikali iliuchukua waya kwa nguvu, huna kosa. Serikali hatuwezi kuidai, na mkeo mtaondoka naye leo. Kama uliutoa mwenyewe, sema tu. Utatafuta ng'ombe wawili, tutakupa muda, hata miaka miwili, na mkeo utaishi naye huku ukitafuta. Tunajua vita ilivyowafanya watu. Tusichotaka hapa ni kufanywa wajinga. Ukitufanya wajinga, anabaki.”

Mlango ulikuwa wazi wa kutosha kupitisha ng'ombe wawili na mwanaume mmoja. Yonasi aliuona. Akawaza Mkwajuni, akawaza machimbo, akaitazama mikono yake. Kisha akawatazama watu waliokaa kimya wakimsubiri, na tangu azaliwe hakuwahi kuliacha kusanyiko likimsubiri bure.

“Walikuja askari wanne,” alisema.

Jiwe la kusagia likasimama.

“Wanne, na karani, na bunduki. Nikawaambia, huu si waya, hii ni mahari ya watu wa Ikinga. Wakanicheka. Nikajitupa kwenye miguu ya mke wangu, nikaikumbatia, nikasema nikateni mimi kwanza! Wakanifunga kamba. Huu hapa mkono, tazameni wenyewe alama.” Alama ilikuwa ya nyuki, ya mwaka wa juzi, lakini iligeuka vizuri kwenye mwanga. “Askari sita wamenikalia mgongoni, wawili wanamkata mwenzangu waya kwa mashine, naye analia anaita, mama, mama! Wakautoa. Wakatutupia yale makapi membamba, wakasema, haya, mvishe mkeo uzi.”

Wanawake walipiga ndimi. Mzee mmoja alisema hata Mdachi hakufika huko. Sekela, aliyekaa amempa mgongo, aliinua ncha ya kanga akafuta pua, na Yonasi alipoliona hilo akahisi sauti yake yenyewe inamtetemeka, maana alikuwa ameanza kujihurumia kwa dhati.

“Pole, mwanangu,” alisema Sekela, akimgeukia. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka minane kumwambia neno ana kwa ana.

Tuntufye akashusha pumzi, akaliokota jembe. “Basi yamekwisha. Marita! Toka ufunge mzigo wako.”

Marita akatoka jikoni. Unga ulikuwa umempaka hadi viwiko. Alifika katikati ya watu, akapiga magoti mbele ya kaka yake kama inavyopasa, kisha akampa mikono, viganja juu, akaviacha hapo. Unga haukufunika kitu. Kutoka kidole hadi kidole ngozi ilikuwa imekufa, imekakamaa, yenye mistari miwili ya koleo iliyopita palepale mara mia.

“Ni nini hii?” aliuliza Tuntufye.

“Nilivuta mimi, kaka. Kwa Lusubilo mhunzi, siku mbili. Nilivuta kwa sababu nilitaka kubaki kwa mume wangu. Askari sikumwona hata mmoja.”

Hakuna aliyepiga ulimi. Sekela aliigeuza shingo yake taratibu, akarudisha mgongo pale ulipokuwa.

Yonasi alifungua mdomo. Marita akajifuta unga kwenye kanga, akakaa chini kando ya mama yake, akakunja miguu yake isiyo na sauti.

“Endelea, Baba Kefa,” alisema. “Ulikuwa umefika kwenye askari wa nane.”